Bob Hope na Krismasi za Vietnam

Swali: Shikamooni wakubwa. Namtunza mzee mmoja hapa Minnesota, alipigana Vietnam. Kila Desemba anatoa picha iliyofifia: jukwaa, askari wamejazana chini juani, na mchekeshaji kashika fimbo ya gofu. Anasema ndiye Bob Hope. Kweli alikuwa anaenda hadi vitani?

Jibu: Marahaba. Alienda, tena sana. Alianza Mei 1941 kambi ya March Field, California. 1943 akawafuata askari Afrika Kaskazini na Sicily. Vietnam alikwenda kila Krismasi, 1964 hadi 1972. Mwaka ule wa kwanza bomu lililipua hoteli ya maofisa Saigon muda mfupi kabla hajafika mjini. Hakugeuza njia.

Jibu: Ongeza Saudi Arabia, Krismasi ya 1990, akiwa na miaka 87! Hilo ndilo linalonigusa. Mwaka 1997 Bunge la Marekani likamtangaza mkongwe wa vita wa heshima, ilhali hakuwahi kuandikishwa jeshini.

Muulizaji: Asanteni sana ndugu zangu. Nimemsimulia mzee. Kaivuta picha karibu, kaweka kidole kwenye kichwa kimoja safu ya tatu: "Huyu ni mimi."