Kwa nini magemu ya watoto wadogo yanatunasa hata sisi watu wazima?

Karani wa Mwaloni

Wakuu, salaam. Mimi ni karani katika ghala moja la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na shughuli yangu tangu asubuhi hadi jua linapozama ni kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka, kwa hiyo habari za samaki huwa zimenitosha kabla sijapanda daladala ya kurudi nyumbani. Miezi michache iliyopita nilimwekea binti yangu wa miaka minne programu ya michezo ya watoto iitwayo GCompris katika kompyuta mpakato ya zamani, kwa kuwa ni ya bure, haina matangazo, na ikishapakuliwa hucheza bila intaneti. Miongoni mwa michezo yake upo mmoja ambao samaki wanakatiza ndani ya tangi la maji, na kazi ya mtoto ni kumbofya kila mmoja kwa kipanya kabla hajatokea upande wa pili. Basi, ndiyo imekwisha hiyo.

Kinachonishangaza ni kwamba mtoto akishalala, mimi mwenyewe hubaki nikiwabofya samaki hao. Juzi mke wangu aliniuliza kama wa Mwaloni hawanitoshi, nami sikuwa na jibu. Simu yangu ina magemu ya mpira na ya magari yenye picha zinazokaribia kuwa kweli, lakini nikiyafungua huchoka baada ya dakika kumi, ilhali mchezo huu usio na hadithi, wala adui, wala ushindi wa kumtambia mtu, unanituliza kuliko redio. Upo na mwingine ambao unapitisha tu kipanya juu ya vigae vilivyofunika picha, vigae vinafutika kimoja kimoja, na picha inajitokeza. Huo nimeurudia mara nyingi hata naona haya kutaja idadi. Naomba wenye uzoefu wanieleze: kuna nini ndani ya michezo hii, au ni uchovu wangu tu?

Fundi wa Nyegezi

Mkuu Karani, usione haya. Mimi natengeneza kompyuta na kuandika programu ndogondogo, na kwa maoni yangu unachokipenda ni matokeo ya kazi ngumu iliyofichwa isionekane. Anayemtungia mtu mzima mchezo anaweza kumwandikia maelezo, akamwadhibu anapokosea, akamrudisha mwanzo hata mara ishirini, naye atavumilia. Anayemtungia mtoto asiyejua kusoma hana nafasi hiyo. Kila kitu hakina budi kujieleza chenyewe kwa umbo, rangi na sauti, na kila mguso hauna budi kujibiwa papo hapo, maana mtoto asipojibiwa hudhani kitu kimeharibika na kwenda zake.

Mmoja wa walioliona jambo hili mapema ni Ron Gilbert wa Marekani. Akiwa na kampuni ya Lucasfilm Games alishiriki kuunda SCUMM, mfumo wa kutungia michezo ya kompyuta, kwa ajili ya mchezo wa Maniac Mansion, uliotoka mwaka 1987 na ambao ulikuwa na mafumbo ya kuwaumiza vichwa wakubwa. Mwaka 1992 yeye na Shelley Day walianzisha Humongous Entertainment, wakauchukua mfumo uleule na kuutumia kuwatungia watoto: kwanza kigari cha zambarau kiitwacho Putt-Putt, na mwaka 1994 samaki wa kike aitwaye Freddi Fish (naona mada hii haikwepi samaki). Ndani ya michezo hiyo unaweza kubofya kitu kisichohusika kabisa na safari yako, nacho kikacheza au kikatoa sauti ya kuchekesha, kisha kikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekudai ukibofye. Mtunzi alikiweka pale akijua kwamba yuko mtoto atakayejaribu, na nadhani ukarimu huo ndio unaotunasa. Michezo hiyo bado inachezeka leo kwa kutumia ScummVM, ambayo ni programu huria.

Mwaka huohuo wa 1992 kule Japani, Masahiro Sakurai, aliyekuwa kijana wa miaka 21, alitoa Kirby's Dream Land ya Game Boy, kile kifaa cha gemu cha kushika mkononi, kwa kusudi kwamba hata mtu ambaye hajawahi kushika gemu aweze kuimaliza. Kirby, mhusika wake mkuu, akikutana na kikwazo hujijaza hewa na kuelea juu yake. Hata hivyo, ukiimaliza unaonyeshwa vitufe vya siri vya kufungulia toleo lake gumu, na hapo ndipo unapotambua kuwa mtunzi alikuwa na uwezo wa kukutesa tangu mwanzo, akaamua kukuacha upite.

Mwalimu Mstaafu, Ilemela

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na ningependa mkumbuke michezo mliyoicheza kabla ya vioo hivi. Katika mdako, ukidondosha jiwe zamu inahama. Katika rede, ukipigwa mpira unatoka. Lakini mchezo wa baba na mama, ambao mlipika ugali wa mchanga wa ziwani kwenye kopo na mboga za majani ya mwembe, haukuwa na mshindi wala aliyetolewa, na ulikwisha pale tu mlipoitwa kuoga. Mtu mzima hupewa ruhusa ya kuendelea na aina ile ya kwanza. Bao anacheza, tena watazamaji wanamcheka akikosea kete; ya pili anaiacha bila kuagwa. Nadhani mwanangu Karani ameirudia bila kujua.

Kuhusu neno la Fundi kwamba mchezo wa mtoto hauna budi kujieleza wenyewe, tunao ushahidi hapa hapa nchini. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga, wengi wao wasiokwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo na michezo kwa Kiswahili kuanzia mwishoni mwa 2017, bila mwalimu wa kuwasimamia. Mwezi Mei 2019 ushindi waligawana timu za Kitkit School na onebillion. Mimi niliyezoea kupaza sauti mbele ya darasa lililojaa nilipata wivu kidogo, nakiri.

Dereva wa Kamanga

Mnaisifu mno michezo hii ya watoto. Pakueni gemu la watoto lolote la kuokota kwenye simu, mtaona: mwanangu anagusa puto, linatokea tangazo la mikopo, anajaribu kulifunga, alama ya kufunga ni ndogo kuliko kucha yake. Huo nao ni mchezo rahisi wa watoto, tena wenye rangi nzuri na muziki mtamu, na hauna mvuto wowote. Kwa hiyo siri haipo kwenye urahisi. Mnachokipenda ni michezo michache ambayo aliyeitunga hakuwa akitafuta kitu mfukoni mwako.

Karani wa Mwaloni

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Neno la Dereva lilinifanya jana usiku nifungue gemu langu la mpira nikihesabu linachokitaka kwangu: nichukue zawadi ya leo, ninunue mchezaji, nimwalike rafiki, nirudi kesho nisije nikapoteza nafasi. Yote hayo kabla mpira haujaanza. Hata ghalani sidaiwi hivyo. Fundi, nitaileta hiyo kompyuta Jumamosi uniwekee Freddi Fish.

Ila lipo jambo moja mlilonifanya nilitazame upya. Nilidhani binti yangu hajui kucheza ule mchezo wa tangi, kwa sababu mara nyingi anakiacha kipanya na kuwatazama samaki wakipita hadi wanatoweka. Leo nimemuuliza kwa nini hawabofyi. Amenijibu kwamba wanakwenda Ukerewe kwa bibi, na nisiwasumbue.