Nimekabidhiwa udhibiti wa maambukizi hospitalini: kazi yangu hasa ni ipi?

Muuguzi wa Wodi ya Nne:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi mwenye miaka 12 kazini, na mwezi uliopita mganga mfawidhi alinipa barua ya kuwa mratibu wa kukinga na kudhibiti maambukizi katika hospitali yetu ya wilaya yenye vitanda 180. Barua ina mistari mitatu tu, nayo inasema nitasimamia usafi na utekelezaji wa miongozo, huku nikiendelea na zamu zangu kama kawaida. Tangu hapo napita wodini na karatasi ya kuweka vema, nikiandika nani amenawa mikono na nani hakunawa. Wenzangu wameanza kunyamaza ninapoingia, na daktari mmoja aliniambia mbele ya wagonjwa kwamba kazi ya usafi ina wenyewe. Naamini kazi hii ni nzito kuliko ninavyoifanya. Waliotangulia, naomba mnieleze anachopaswa kufanya mtaalamu wa maambukizi siku hadi siku.

Mstaafu wa Nyanda za Juu:

Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuuliza mapema. Niliifanya kazi hiyo miaka 9 katika hospitali ya mkoa, na nilianza na karatasi kama yako. Karatasi ile inakuonyesha nani hakunawa mikono, lakini haikuonyeshi ni mgonjwa gani aliyeumia. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni wagonjwa wangapi walioingia hospitalini bila maambukizi fulani wakayapatia humo humo, katika wodi ipi na kwa njia gani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hivi hupata angalau maambukizi mamoja wakiwa wodini, ilhali katika nchi tajiri ni 7. Hospitali yenu nayo ina idadi yake, na kwa sasa hakuna anayeijua.

Anza na jambo moja. Ningechagua vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kwa sababu ni wengi, tarehe ya upasuaji inajulikana, na wengi wao hurudi kliniki na watoto. Kila Jumatatu linganisha daftari la chumba cha upasuaji na daftari la kusafishia vidonda, wapigie simu walioruhusiwa, kisha uandike kila kidonda kilichotunga usaha ndani ya siku 30. Baada ya miezi mitatu utakuwa na jambo la kusema.

Nikupe mfano mmoja. Katika wodi yetu ya watoto wachanga, watoto 5 walipata homa ndani ya wiki mbili, na sote tukalaumu mikono. Nilikwenda kukaa pale tangu saa nne usiku hadi alfajiri, bila karatasi. Niliona dawa za watoto wote zikichanganywa kwa maji ya dripu kutoka chupa moja kubwa, na sindano imeachwa imechomekwa kwenye kizibo chake cha mpira ili kila anayekuja avute bila kupoteza muda. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na watoto 22, na vichupa vya mililita 10 vilikuwa vimekwisha stoo. Maabara waliotesha maji ya ile chupa wakapata Klebsiella, mdudu yule yule aliyeonekana katika damu ya watoto wawili. Ningeweza kumwandikia yule dada barua ya onyo. Badala yake nilikwenda stoo, kisha kwa mfamasia, kisha kwa mganga mfawidhi, mpaka vichupa vikapatikana. Homa zile zilikoma. Kutafuta chanzo na kuondoa kizuizi kinachomfanya mtu mwema afanye vibaya ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu zamu, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inataka angalau mtaalamu mmoja wa muda wote kwa kila vitanda 250. Omba kwa maandishi utengewe muda.

Daktari wa Upasuaji, Kisumu:

Naafikiana na mwalimu hapo juu, ila takwimu peke yake haitoshi. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari wa wodi ya uzazi aitwaye Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima akina mama waliokuja kujifungua, na vifo katika wodi yake vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 18 mwezi Aprili hadi asilimia 2 hivi mwezi Juni. Hata hivyo, wenzake wengi walimkataa. Kwa hiyo usitusahihishe mbele ya wagonjwa. Tuletee vidonda vyetu wenyewe katika kikao cha asubuhi, bila kutaja majina, pamoja na maswali mawili: je, mgonjwa alipewa antibayotiki ya kinga ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na kwa nini bado tunanyoa wagonjwa kwa wembe? Wembe huacha michubuko ambamo vijidudu hukaa. Daktari aliyekukejeli atakaposikia swali la aina hiyo, atajua hukuja kufagia.

Afisa Afya:

Naomba wahudumu wa usafi wasisahauliwe, maana hao ndio wanaobeba taka zenu. Hakikisha wamechanjwa chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu, na sanduku la sindano lifungwe likijaa robo tatu. Wafundishe pia kupima dawa: ukiwa na klorini ya maji ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji hukupa asilimia 0.5. Nimeona wengi wakikisia kwa harufu. Kumlinda mhudumu ni sehemu ya kazi yako sawa na kumlinda mgonjwa. Katika mlipuko wa Ebola wa Uganda wa mwaka 2022 waliambukizwa watumishi wa afya 19, na 7 wakafariki.

Muuguzi wa Wodi ya Nne:

Ahsanteni sana. Karatasi nimeiweka kando kwa sasa, na Jumatatu naanza na daftari la upasuaji. Kizuizi cha kwanza nimekiona tayari: kitakasa mikono huisha kila katikati ya mwezi, na chupa iliyopo imetundikwa nyuma ya mlango.

Mstaafu wa Nyanda za Juu:

Hicho mfamasia wenu anaweza kukitengeneza. Kwa lita 10 anahitaji mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha anajazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikae saa 72 kabla ya kutumika, ili spora, yaani mbegu sugu za vijidudu, zilizomo kwenye dawa au chupa zife. Atengeneze mbali na moto, na kila chupa iandikwe tarehe. Ile ya nyuma ya mlango ing'oe leo, uitundike miguuni pa kitanda, mahali mkono unapofika kabla ya kumgusa mgonjwa.