Kocha wa maisha: vikao 12 kwa shilingi 72,000, nilipe au niache?

Mpishi_wa_Wikendi (Umoja)

Hamjambo wadau. Nafanya kazi ya bima Upper Hill, na wikendi napika kwenye hafla. Kabla mwaka haujaisha nataka niwe nimeamua: nibaki kwenye ajira au niingie kwenye upishi mzima mzima. Nimeongea na kocha mmoja wa maisha. Kikao kimoja cha saa moja ni 7,500, au vikao 12 kwa 72,000 zikilipwa zote mwanzoni, na ofa anasema inafungwa Ijumaa. Cheti anacho. Sijui cheti hicho kina uzito gani, wala sijui kama shida yangu ni ya kocha au ya mtu mwingine kabisa. Mnaoijua kazi hii, nianzie wapi?

Karani_Pangani

Dada, muweke kocha kando kwanza, tuitazame shida. Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: baada ya miezi mitatu unataka nini kiwe kimebadilika?

Kama sentensi yako inataka maarifa (bei ya kila sahani, leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, unamlipaje kijana wa kuosha masufuria) huyo unayemtafuta si kocha. Kocha hafundishi kupanga bei ya pilau ya watu 150. Mpishi wa hafla aliyezeeka kwenye hiyo kazi atakuonyesha kwa mchana mmoja, pengine kwa bei ya chakula cha mchana.

Kama sentensi inasema "najua la kufanya ila silifanyi", au "kila Jumatatu nabaki, kila Jumamosi naacha kazi", hapo kocha ana kazi. Kazi yake ni kukuuliza mpaka usikie unachosema mwenyewe, halafu utoke na jambo la kufanya lenye tarehe.

Na kama kinachokusumbua ni usingizi uliokatika, chakula kisichopita, kulia bila sababu au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili mfululizo, nenda kwa mshauri nasaha, mwanasaikolojia au daktari. Mawazo ya kujidhuru hayangoji miadi, ni hospitali siku hiyo hiyo. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao Kenya, ya 2014, na bodi inayowasajili. Kocha wa maisha hana kitu kama hicho: mtu yeyote anaweza kuamka kesho akajiita kocha na hajavunja sheria. Kwa hiyo kocha akianza kukuambia una sonona, au akakushauri uache dawa, amevuka mpaka. Ondoka.

Mwl_Ngara

Nichukue la cheti. Vyeti vingi ni vya chuo kilichofundisha, na vyuo havilingani. Kipimo kinachotambulika nchi nyingi ni cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995. Lina ngazi tatu: ACC huhitaji angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za vikao na wateja, PCC saa 125 na saa 500, MCC saa 200 na saa 2,500. Hati hudumu miaka mitatu, kisha huhuishwa. Sasa piga hesabu mwenyewe: mafunzo ya wikendi moja, saa nane Jumamosi na nane Jumapili, ni saa 16. Cheti chake kinaweza kuwa na muhuri wa dhahabu na kikatundikwa ukutani, bado ni saa 16.

Usiitazame picha ya cheti kwenye WhatsApp. Tafuta jina lake kwenye tovuti ya ICF yenyewe. Asipokuwepo si lazima awe tapeli, wapo wazuri wasio na hati hiyo, lakini basi muulize waziwazi: umesomea wapi, saa ngapi, na nani anakusimamia kikazi sasa? Anayejua kazi yake hujibu bila kununa.

Kisha omba kikao kifupi cha kufahamiana, dakika 20 au 30. Wengi hawakitozi. Ukiwa humo weka daftari mezani na kila dakika chora alama: yeye akiwa anaongea, mstari upande wa kushoto, wewe, upande wa kulia. Mistari ya kushoto ikizidi, huyo ni mhubiri. Sikiliza pia maswali yenyewe. "Umejaribu kujiamini zaidi?" ni ushauri uliovaa nguo za swali. Linganisha na hili: "Ukiacha kazi mwezi wa tatu, kodi ya mwezi wa nne inatoka wapi?" Likishaulizwa, anyamaze. Kocha asiyeweza kuvumilia sekunde kumi za kimya atakujibia maisha yako.

Mama_Hesabu

Mie naitazama hiyo 72,000. Vikao 12 kimoja kimoja ni 90,000, kwa hiyo punguzo ni 18,000, linapendeza. Lakini tisa kwa bei ya kawaida ni 67,500 na kumi ni 75,000. Maana yake ofa inaanza kukufaa ukifika kikao cha kumi tu. Ukiacha baada ya vitano umelipa 14,400 kwa kila kimoja, karibu mara mbili ya bei aliyokutajia. Swali kama lako, la kubaki au kuondoka, sioni likila vikao 12.

Mwambie hivi: "Nalipia vitatu, 22,500, kisha tutathmini." Viwe kila baada ya wiki mbili. Ukivipanga kila wiki hutakuwa umefanya lolote katikati, na kikao kinageuka kuwa cha kueleza kwa nini hukufanya. Akikataa vitatu, umepata jibu kabla ya kutoa hata shilingi.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata ukurasa mmoja: idadi ya vikao na urefu wake, notisi ya kuahirisha (saa 24 ni kawaida), nani anaona anayoandika kocha kukuhusu, kurekodi hakuna bila idhini yako, na hasa ukiacha katikati unarudishiwa nini. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Lipa kwa till au paybill (namba za biashara za M-Pesa), soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na udai risiti. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na unaweza kujisimamia bila wakili, lakini utaulizwa karatasi. Ujumbe wa sauti wa "usijali dada yangu" haukusaidii pale.

Kijana_Kasarani

Kabla ya yote hayo, jaribuni cha bure. Wewe na rafiki mmoja asiye mwoga wa kukukosoa, Jumapili jioni, dakika 30 kwenye simu, wiki nne. Kila mmoja anataja mambo mawili atakayofanya na siku ya kuyafanya, Jumapili inayofuata anasomewa. Watu kibao wanalipa elfu saba kwa kazi hiyo hiyo.

Mwl_Ngara

Kijana, kwa mtu aliyekosa nidhamu tu, sawa. Rafiki lakini ana maslahi. Kama ndiye anayekukopa mwisho wa mwezi, au anakula pilau yako kila harusi, ataipendelea njia moja bila kujua. Wiki nne zijaribiwe, ila achague mtu ambaye uamuzi haumgusi.

Mpishi_wa_Wikendi (Umoja)

Asanteni sana. Nimeandika sentensi, imetoka mbili: moja ya bei na leseni, nyingine ni ile ya kubadilisha nia kila Jumatatu. Na idara ya wafanyakazi kazini wanasema wanaweza kulipia kocha. Nikubali?

Karani_Pangani

Ya kwanza mpelekee mpishi mzoefu, wiki hii hii, maana namba zake zinaweza kuimaliza hata ya pili. Ya pili jaribu na rafiki asiye na maslahi, kisha vikao vitatu kama bado.

Kuhusu mwajiri: anayelipa huwa anataka ripoti. Kabla ya kikao cha kwanza wewe, kocha na idara mkubaliane kwa maandishi kwamba wao wataambiwa tarehe ulizohudhuria, basi. Hata hivyo, dada, kwa suala la kuacha kazi yao yenyewe, mimi ningelipa mwenyewe.

Mama_Hesabu

Na Ijumaa ipite. Mtumie ujumbe Jumatatu uulize bei ya vitatu.