Viazi sukari kwa mkataba wa kiwanda: mkulima anabaki na nini mwisho wa siku?

Hekta_Kumi
Wakuu habari zenu. Nina hekta 10, miaka yote nalima ngano na mahindi, saiv kuna kiwanda kinatafuta wakulima wa viazi sukari, ile bitiruti nyeupe ya kutolea sukari sio ile nyekundu ya kula. Afisa wao kaja mpaka shambani, kaniambia hekta moja inatoa tani 60 hadi 70, nikazidisha na bei ya tani nikaona hela ambayo ngano haijawahi kunipa hata siku moja. Nimerudi nyumbani na furaha yangu mke wangu akaniuliza, sasa gharama umeambiwa ni kiasi gani? Nikakosa jibu. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, hela inaishia wapi na inarudi vipi, maana mkataba natakiwa kusaini wiki ijayo.

JembeZito
Karibu mkuu, na mkeo kauliza swali lenyewe. Mi nalima hili zao kwa muda mrefu, linalipa, ila karibu hela yote inatoka kabla hujaona chochote. Mbegu ni ile inayotoa mche mmoja mmoja, imeviringishwa kama shanga na kupakwa dawa, unapanda mistari ya sentimita 45 au 50 na kati ya mbegu na mbegu kama 18, kwa hiyo hekta moja inakula mbegu zaidi ya laki moja. Inakwenda chini sentimita 2 mpaka 3 tu, sasa mvua kubwa ikipiga siku tatu baada ya kupanda halafu jua likawaka, juu ya udongo linajitengeneza gamba gumu, ukilivunja kwa kidole unakuta kimche kimejikunja chini yake kimeshindwa kutoboa. Mwaka mmoja nilirudia kupanda hekta 3 kwa sababu hiyo, mbegu mara mbili na dizeli mara mbili, mavuno ni yale yale.

Afu magugu. Huyu mmea ni mnyonge sana utotoni, mpaka majani yafunge mistari ni kama miezi miwili, na muda wote huo usipopiga dawa raundi mbili tatu au kupalilia kwa mkono, magugu yanamfunika. Mwaka wa kwanza weka pembeni hela ya vibarua wa palizi hata kama una mpango wa dawa.

Na mashine ya kuvunia. Usijidanganye kununua kwa hekta 10, kodi, ila muulize mwenye mashine atakuja lini, maana wakulima wote mnavuna msimu mmoja na udongo ukishalowa inazama.

Mama_Mizani
Kaka hapo kwenye kuzidisha tani kwa bei ndo umekosea, na mimi nilikosea vile vile. Huuzi tani, unauza sukari iliyomo. Wanachukua sampuli kwenye lori lako, wanaiosha, wanakata kichwa pale majani yalipoota, wanapima upya, kile kilichopungua ni udongo na vichwa na hulipwi. Mzigo wangu wa kwanza niliomba nisimame pale waniruhusu nione, ndoo imejaa viazi, vimeoshwa vikakatwa, chini ya sinki pamebaki tope zito kabisa, asilimia 14 ya lori langu. Nilikuwa nimekodi lori kubeba udongo wangu mwenyewe, na tulivuna siku ya matope kwa sababu ya haraka tu.

Halafu wanapima sukari. Mikataba mingi ya Ulaya kipimo cha kawaida ni asilimia 16, ukizidi unaongezewa, ukipungua unakatwa. Sasa angalia: mwenye tani 70 safi kwa asilimia 15 ana tani 10.5 za sukari, mwenye tani 62 kwa asilimia 17.5 ana 10.85, yaani huyu wa pili ana sukari nyingi zaidi na kasafirisha tani 8 pungufu. Na robo tatu ya kiazi ni maji, unalipia usafiri wa maji hayo.

Kinachoshusha sukari mara nyingi ni sisi wenyewe na mbolea. Mtu kazoea mahindi, anamwaga naitrojeni, majani yanakuwa ya kijani kibichi mpaka siku ya kuvuna anafurahi, kumbe mmea umeendelea kujenga majani badala ya kuweka sukari kwenye mzizi, na ile naitrojeni ndani ya kiazi inazuia sukari kuganda vizuri kiwandani. Pima udongo kwanza, wengi wanaishia kilo 100 hadi 120 za naitrojeni kwa hekta, na usikose boroni, kile kirutubisho kinachotakiwa kidogo tu, la sivyo kitovu cha kiazi kinaoza cheusi.

Shamba_Darasa
Naongeza moja tu, hizo hekta 10 hutalima zote kila mwaka. Ukirudisha viazi sukari pale pale mfululizo minyoo ya mizizini inazaliana na inakaa udongoni miaka, inabidi ipite miaka 3 au 4. Kwa hiyo hesabu yako ni kama hekta 2 au 3 kwa mwaka, zingine endelea na ngano yako. Faida ni kwamba baada ya viazi ngano inatoka vizuri, mzizi umefungua udongo, mradi mashine haikuukandamiza wakati wa kuvuna.

Kiti_cha_Mbele
Mimi nitasema la soko. Hili zao mnunuzi ni mmoja, huwezi kulibeba ukauze sehemu nyingine, likikaa linapoteza sukari kila siku kwa sababu kiazi kinapumua, joto likizidi kinapumua zaidi. Umoja wa Ulaya ulipoondoa kikomo cha uzalishaji wa sukari Septemba 2017, watu walipanda kwa wingi, bei ya sukari ikashuka, na miaka michache baadaye viwanda kadhaa Ufaransa na Ujerumani vikafungwa, mkulima aliyekuwa jirani na kiwanda akajikuta hana pa kupeleka. Kule Marekani bonde la Red River wakulima walinunua kampuni nzima ya sukari mwaka 1973, wanalima kwa hisa zao, faida na hasara ya kiwanda ni yao. Wewe huna hisa, kwa hiyo kinga yako ni karatasi. Soma nani analipa usafiri, nani anabeba hasara wakikuchelewesha kupokea mzigo, na kama makapi yaliyokamuliwa unarudishiwa, maana ni chakula kizuri cha ng'ombe na yana thamani.

Hekta_Kumi
Aisee asanteni sana. Nimesoma mkataba upya jana usiku na mke wangu, usafiri ni wangu, kiwanda kiko kilomita 70, na kuhusu kuchelewa kupokea hakuna hata mstari mmoja. Bei wameandika kwa tani, sukari hawajataja kabisa.

Mama_Mizani
Usisaini kaka. Tani ipi, iliyooshwa au ya lori? Rudi kwao waandike hilo kwa maandishi, na waandike pia unaruhusiwa kusimama pale sampuli ikipimwa. Wakikubali, anza na hekta moja.

Hekta_Kumi
Nakwenda Jumatatu dada. Wifi yako kasema anakuja na mimi.