Naomba ushauri: majaribio yanafeli baada ya kupandisha toleo la Cypress

Hamjambo wadau. Niko Kisumu, tuko wawili tu tunaotunza mfumo wa sacco moja ya wafugaji. Majaribio yetu tuliyaacha kwenye Cypress 9 (zana ya kujaribu kurasa za wavuti kiotomatiki) muda mrefu mno, na wiki jana nimepandisha hadi 13. Kuhamisha mipangilio kutoka faili la cypress.json hadi cypress.config.js hakukunisumbua. Shida ni kwamba kati ya majaribio 64, 41 yanafeli: la kwanza katika kila faili linapita, yanayofuata yanakuta ukurasa mtupu.

Nimeelewa kuwa tangu toleo la 12 kila jaribio huanza upya, vidakuzi vikiwa vimefutwa, na yetu yalitegemea jaribio la kwanza liwe limeshaingia kwenye mfumo (login). Nikiweka testIsolation (mpangilio wa kuanza upya huko) kuwa false yanapita, lakini naogopa kuficha ubovu kwenye mfumo unaogusa akiba za watu. Faili moja nimeiandika upya kwa cy.session (amri inayohifadhi hali ya kuingia na kuirudisha), nikiita cy.visit ya kufungua ukurasa baada yake, na imekubali.

Mliopitia hili, mliandika upya yote kwa mpigo au mliacha false kwenye faili za zamani mkahamisha moja moja? Na kuingia, mnapitia fomu au mnatuma ombi kwa seva kwa cy.request?

Asanteni sana.