Mtu mzima anageuza simu ya mwenzake KICHWA CHINI mbele ya watu?? Nimechoka na huyu jamaa

MchoraSkrini_KSM:
Wadau, nimetoka kwa mkutano wetu wa dizaini Milimani saa hii, niko kwa mathree naandika na hasira hadi makanga ameogopa kuniitisha nauli. Jina sitaji, hakuna haja, nyote mnamjua. Yule wa kukaa mstari wa mbele na laptopu imejaa stika mpaka huoni rangi yake, yule apu yake inatoka "karibuni" tangu serikali ile ingine. Huyo huyo.

Sasa leo ilikuwa siku ya kila mtu kuonyesha vile angetaka simu ama kompyuta ikae, kuota tu, hakuna mtu anauza kitu. Nikaleta yangu. Nimeikesha hiyo kitu. Nimetoa ile gridi ya aikoni tumeburuta nayo tangu zile kompyuta ndogo za mkononi za Palm za 1996, kila kitu kinaanzia chini, watu unaongea nao, pesa umetuma, kazi umeacha katikati, zote zinapanda kutoka chini, huku juu nimewacha wazi pa kusoma tu. Kwa sababu kidole gumba kiko wapi jameni? Si kiko chini??

Akaomba simu. Na heshima kabisa, "niazime kidogo mkuu." Nikampa. Akaiangalia. Akaigeuza kichwa chini. Akaiinua watu wote waone. Akasema, "Eeh, sasa hii inaeleweka."

Watu walicheka!! Mama wa chai aliweka birika chini ndio acheke vizuri. Kulikuwa na samaki ngege kwa sahani ya mtu huko nyuma, ameshakaangwa na nyanya juu, naye akacheka.

Kichwa chini. Simu yangu. Hakuuliza hata swali moja, ya kompyuta sikufika, slaidi zote zikakufa hapo, nilikuwa na upau mzuri sana wa kushoto kwa sababu skrini ya laptopu ni pana na fupi lakini nani angesikiliza, kila mtu amekunja shingo anasoma dizaini yangu akiwa amepinda. Na kitu inaniuma sio hata kicheko. Alinirudishia simu BADO IKIWA KICHWA CHINI.

KondeleOriginal:
Omera pole, lakini nimemwaga uji. Ebu weka picha hapa tuone. Iweke vyovyote, tutageuza wenyewe.

nyar_Ahero:
Mimi nilikuwa hapo. Mbona hujawaambia maandishi yalikuwa kijivu juu ya kijivu? Jamaa aligeuza simu akitafuta mahali mwanga uko. Na ngege ilikuwa yangu, na haikucheka, ilikuwa inanihurumia nimekosa ugali.

MchoraSkrini_KSM:
Kijivu ni makusudi!!! Na hakuwa anatafuta mwanga, aliinua juu kwa mkono mmoja, polepole, akaangalia watu kwanza ndio akageuza. Alipanga. Huyo mtu alitoka kwao amepanga.

Bondeni_Nakuru:
Swali la kiufundi tu sina ubaya. Akigeuza, mbona skrini haikujizungusha?

MzeeWaSaiba:
Simu nyingi hazizunguki kichwa chini kabisa, zinalala kando tu, hata ukiwasha hiyo ya kujizungusha. Labda tablet.

Bondeni_Nakuru:
Kwa hivyo jamaa alijua haitazunguka. Hiyo ni akili. Mimi niko upande wake.

MchoraSkrini_KSM:
Upande wa nani?? Nakuru mmekuwa jiji 2021 juzi tu na mshaanza kiburi.

mwl_Kakamega:
Mulembe wote. Ndugu punguza moto, wazo lako si jipya lakini si baya. Samsung walishusha vitu chini na One UI, ule mwonekano wa simu zao, 2018, kichwa kikubwa juu cha kusoma, batani chini karibu na gumba. Apple nao 2021 wakashusha upau wa anwani wa Safari, kivinjari chao, watu wakalia hata kabla haijatoka rasmi, ikabidi waache chaguo la kuurudisha juu. Huo upau wa kushoto nao Ubuntu, ile mfumo ya kompyuta ya bure, walikuwa nao kwa Unity, mwonekano wao wa zamani. Unity yenyewe 2017 wakatangaza wanaiacha, lakini upau uko kushoto mpaka leo. Na mzee Fitts, mwanasaikolojia, alishapima mambo ya shabaha tangu 1954, kitu kikiwa kikubwa na karibu unakifikia haraka, na kwa kompyuta kikikaa pembeni kabisa mwa skrini mshale unagonga ukingo na kusimama, huwezi kukipita. Hayo ndiyo ungemjibu.

MchoraSkrini_KSM:
Mwalimu mimi sikuuliza kama ni jipya. Nimeuliza mtu mzima anageuza simu ya mwenzake kwa nini.

KondeleOriginal:
Hujauliza kitu ndugu yangu. Umelia tu tangu juu. Ama tuseme tangu chini 😂

MzeeWaSaiba:
Nyinyi mnalia kuhusu simu moja. Mimi nina saiba, duka la kompyuta za kulipia. Windows 8 ilipotoka 2012 bila ile batani ya Start, ambayo ilikuwa hapo tangu 1995, kuna mama alikuja kuandika barua ya kazi, akaangalia ile kona, akaniangalia mimi, akampigia ndugu yake ati nimeuza batani. Niliitwa mwizi kwa saiba yangu mwenyewe. 2013 batani ikarudi na 8.1, menyu yenyewe ya kawaida ikangoja Windows 10 ya 2015, nikapumua. Halafu 2021 ikaja 11, batani imesukumwa katikati! Mama amerudi. Ananiuliza nimeipeleka huko kufanya nini. Watu wa kuota dizaini, mkimaliza kuota mje mkae hapa kaunta mueleze wateja.

Bondeni_Nakuru:
Si unairudisha tu kushoto kwa setingi mzee.

MzeeWaSaiba:
Kwa mashine zote? Na kila mtoto akikaa anaichezea tena? Njoo ufanye wewe, chai nitanunua.

Boda_wa_Kibuye:
Wacha niseme ya mtaani. Shida yenu mnachorea dizaini ndani ya nyumba. Siku hizi kila kitu ni kioo, kinapitisha kitu cha nyuma, ile ya Apple ya 2025 wanaiita Liquid Glass, na wengine lazima wataiga, halafu hiyo inanifikia mimi kwa simu yangu ya bei ya chini. Njooni Kibuye saa saba mchana na jua la Kisumu, muone kama mtasoma jina la mteja kupitia hicho kioo. Mimi nataka nyeusi kwa nyeupe, kubwa, na batani ya kupokea simu nibonyeze na glavu. Basi. Hapo sijaomba maajabu.

mwl_Kakamega:
Huyu ndiye anafaa kusimama mbele ya ule mkutano.

nyar_Ahero:
Huyu wa kusimama mbele? Boda, si wewe ulinibeba Kibuye hadi Mamboleo wiki jana, nikakupa mia mbili, ukasema mia inatosha lakini huna chenji, "nitakutumia kwa simu madam"? Iko wapi?

Boda_wa_Kibuye:
Madam nilijaribu. Namba sikuiona vizuri kwa skrini, jua lilikuwa limewaka sana.

nyar_Ahero:
ILIKUWA SAA MBILI USIKU.

KondeleOriginal:
Yawa!! 😂😂

MchoraSkrini_KSM:
Jameni turudi kwa mada. Ameiinua, akaangalia watu, akaigeuza...

Bondeni_Nakuru:
Boss fungua uzi mwingine, huu sasa ni wa chenji. Kwanza Kibuye hadi Mamboleo ni mia? Mnaibiwa huko. Hapa kwetu kutoka stendi hadi Section 58 sitoi hata hiyo.

Boda_wa_Kibuye:
Wewe wa Nakuru petroli unawekewa na nani? Na hiyo barabara ya Mamboleo nilipita na matope yote, madam aseme kama alichafuka.

nyar_Ahero:
Nilichafuka. Sasa ni mia ya chenji na ya dobi.