Santana na Koufax wa besiboli: mmoja Ukumbi wa Mashujaa kule Cooperstown, mwingine nje. Ni haki?

Kushoto_Tupu: Wakuu, tuwapime hawa warushaji wawili wa mkono wa kushoto waliokatishwa na majeraha. Sandy Koufax: mechi alizoshinda 165, alizopoteza 87, ERA (wastani wa mikimbio, yaani pointi, anayoruhusu mrushaji kwa iningi, au vipindi, tisa; ndogo ndiyo bora) 2.76. Johan Santana: 139 kwa 78, ERA 3.20. Koufax aliingia Ukumbi wa Mashujaa 1972 akiwa na miaka 36 tu. Santana mwaka 2018 aliambulia kura 10 kati ya 422 za waandishi wa besiboli, na asiyefikisha 5% anaondolewa palepale. Kwangu mimi alidhulumiwa.

Damu_ya_Dodgers: ERA za enzi mbili hazilinganishwi hivihivi, mkuu. Kilima anachosimamia mrushaji, enzi za Koufax, kilikuwa cha inchi 15, na kikiwa kirefu kinamfaa mrushaji. Mwaka 1969 kikashushwa hadi 10 kwa kuwa wapigaji walikuwa hawafurukuti. Ukirekebisha ERA kwa ligi na uwanja, wastani ukiwa 100 na kubwa ndiyo bora, Santana ana 136 na Koufax 131. Hapo nakubali. Ila Oktoba, mwezi wa mechi za ubingwa, je? Koufax ana ERA 0.95 katika iningi 57 za World Series, yaani fainali. Santana hana kitu cha namna hiyo.

Kilima60: Oktoba sawa, lakini tazama 2005. Santana ERA 2.87, straikiauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) 238. Bartolo Colón ERA 3.48, straikiauti 157, akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, kwa sababu ya ushindi 21. Ushindi unategemea wenzako wanakufungia mikimbio mingapi! Santana aliitwaa 2004 na 2006. Wangempa na ile ya katikati, angekuwa na tatu mfululizo, na Koufax naye anazo tatu. Nani angethubutu kumpa kura 10?

Damu_ya_Dodgers: Na uchache wa iningi? 2,025 tu. Roy Halladay, mrushaji aliyeko Ukumbini, ana 2,749.

Kilima60: Koufax ana 2,324. Tofauti yao ni kama msimu mmoja na nusu, na Santana alikosa 2011 nzima baada ya upasuaji wa bega.

Kushoto_Tupu: Kilichommaliza Santana ni karatasi ya kura yenyewe. Mwandishi haruhusiwi kuchagua zaidi ya majina 10, na 2018 nyota kama Bonds, Clemens, Mussina na Schilling wote walikuwa bado wamejazana humo. Félix Hernández, mrushaji mwenye Cy Young moja na ERA 3.42, alikuta foleni imepungua: 2025 akapata 20.6%, akabaki kwenye orodha. Santana sasa anaitegemea kamati inayopitia walioachwa na waandishi, na huko pia anahitaji 75%.